Treni mpaka Voi, halafu msitu wa Taita kwa miguu: mama wa miaka 63 ataweza?

"Habari. Naishi Umoja na sina gari. Shule zikifungwa Agosti nataka kumpeleka mamangu, ana miaka 63, pamoja na kijana wangu wa miaka 11, twende milima ya Taita. Tupande SGR mpaka Voi, halafu tufike ule msitu wa juu tutembee. Mama ana presha, anatumia dawa, na magoti humsumbua. Kila mtu ananiambia lake. Mmoja anasema huko juu hewa ni haba na presha itapanda, mwingine ati ni ndovu na simba tupu huwezi tembea, wa tatu ananitisha na malaria. Halafu kwenye ramani naona reli inatoka Voi inaenda Mwatate, hiyo treni ipo? Na siku mbili zinatosha ama najidanganya?"

Dadangu, kwanza mfikishie mama shikamoo zangu. Jibu fupi ni kwamba mnaweza kwenda na mama anaweza kuingia msituni, lakini si kwa siku mbili. Hao watu watatu wamechukua shida za chini tambarare wakakupandishia nazo mlimani, na hakuna hata mmoja aliyekuambia kitu ambacho mimi hunisumbua kila nikipeleka watu huko, nacho ni kuteremka. Yaani kuteremka ndani ya msitu, kuteremka na matatu zile kona, na kuteremka mapema ya kuwahi treni ya kurudi. Panga safari yako kuanzia hapo.

Tuanze na hewa haba. Nairobi hii tunayokaa iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Msitu wa Ngangao, ambao nafikiri ndio unaousema, unaanzia mita 1,700 hivi na kuishia kama 1,950, na kilele kirefu kuliko vyote huko, Vuria, kina mita 2,200 na kidogo. Sasa Ngong Hills zetu hapa, pale watu wanaenda Jumapili na mahindi ya kuchoma, kilele chake ni mita 2,460. Kwa hivyo kama mama amewahi kupanda Ngong basi ameshafika juu kuliko Vuria na hakuna aliyemwambia hewa ni haba. Ule ugonjwa wa mwinuko, kichwa kuuma na kutapika, kwa kawaida huanza kusumbua watu kuanzia mita 2,500 kwenda juu. Hapo ondoa wasiwasi.

Presha yenyewe ni mambo mengine, na naogopa zaidi Voi kuliko mlima. Voi iko karibu mita 600 tu, ukishuka kwenye treni ile baridi ya ndani unapigwa na joto usoni kama umefungua oveni. Na hapa kuna kitu nimeona wamama wengi wakifanya, wanaficha hata watoto wao wasijue: asubuhi ya safari hawamezi ile dawa ya kukojoza, ati watasumbuka njiani. Mwambie mama treni ina vyoo kwenye mabehewa, na kuruka dawa siku ya joto, jasho na kutembea ndiyo siku mbaya kabisa ya kuruka. Tena hiyo dawa pamoja na jua la Voi na kukataa kunywa maji inaweza kumfanya aone kizunguzungu akisimama ghafla. Kwa hivyo wiki mbili kabla ya safari mpeleke kliniki anakochukulia dawa, apimwe, na amuulize daktari ameze saa ngapi siku za kusafiri na kama kuna chochote cha kubadilisha. Wewe usibadilishe, na mimi siwezi kubadilisha dawa ya mtu sijamuona. Na dawa zikae kwenye mkoba wake wa mkononi, zisikae kwenye begi kubwa.

Ndovu na simba: huyo aliyekuambia anachanganya majina. Kuna hifadhi ya wanyama inayoitwa Taita Hills, lakini iko chini kwenye nyika ng'ambo ya Mwatate, ni mahali pa kuzunguka na gari, kweli huwezi kutembea. Msitu uko juu kabisa, katikati ya mashamba ya watu, migomba na mahindi na sukuma, watoto wanapita wakienda shule. Lakini simlaumu sana, manake milima hii imezungukwa na mbuga za wanyama za Tsavo Mashariki na Magharibi, na ndovu wanatembea kwenye zile ranchi za chini. Sagalla hapo karibu na Voi wakulima wamefika mahali pa kutundika mizinga ya nyuki kwenye nyaya kuzunguka shamba ili ndovu akigusa nyuki wamtoe mbio. Kwa hivyo sheria ni moja tu: kutembea kunaanzia juu. Msianze kutembea kutoka stesheni ya Voi ati mnapasha misuli, na msiwe kwa miguu huko chini giza likiingia.

Ile reli ya kwenda Mwatate uliyoiona ni ya zamani, ilijengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ikaelekea Taveta. Treni ya abiria hakuna. Kutoka Voi unapanda matatu.

Sasa nikueleze mlima wenyewe unavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hili utajua ubebe nini. Upepo unatoka Bahari ya Hindi na unyevu wake, unavuka nyika yote ile kavu ya Tsavo bila kudondosha chochote, halafu unagonga ukuta wa Taita. Hauna pa kwenda ila juu. Hewa ikipanda inapoa, kila mita 1,000 inapoteza nyuzi kama sita hivi, na ikishapoa haiwezi tena kubeba maji yote iliyokuja nayo, inakuwa ukungu. Miti ya juu imejaa kuvumwani, ile mimea midogo laini inayoota kwenye magome, inaunasa ule ukungu kama kitana, maji yanakusanyika kwenye majani na kudondoka. Mara ya kwanza nikiingia Ngangao nilivaa koti la mvua nikasimama nikingoja iishe, kumbe mvua haikuwepo. Nje ya msitu hatua hamsini kulikuwa kukavu kabisa. Ilikuwa ni miti inadondosha. Ndio maana chini kwenye nyika kavu ya Tsavo mtu anachimba kisima mpaka anakata tamaa na huku juu maji yanatiririka kwenye mifereji kando ya barabara.

Kwa hivyo Agosti, ambayo watu husema ni kiangazi, huko juu si kiangazi vile. Mvua kubwa ni Machi hadi Mei na za vuli ni Oktoba hadi Disemba, Agosti mvua ni kidogo lakini ukungu upo asubuhi nyingi na usiku ni wa sweta mbili. Ukitaka anga safi, uone mpaka Kilimanjaro, nenda Januari au Februari. Lakini shule hazifungwi kwa ajili ya anga, nendeni tu Agosti na mbebe sweta, soksi za kubadilisha na kitu cha kuzuia maji. Mtu hutoka Nairobi anasikia Voi ni joto anabeba fulana tupu, halafu Wundanyi, ule mji mdogo wa mlimani mtakaolala, saa mbili usiku ananiuliza kama kuna duka linauza blanketi.

Na matope. Udongo wa Taita ni mwekundu, wa mfinyanzi, ukilowa na majani juu yake ni kama umemwaga sabuni. Kupanda hapo ni pumzi tu, mama atapanda polepole, atasimama, atapiga stori, atafika. Kushuka ndiyo kazi. Ukipanda, msuli wa paja unajikunja kukusukuma. Ukishuka ule msuli unafanya kazi huku unavutwa, ni kama breki ya lori kwenye mteremko, na kila hatua kifupa cha goti kinabanwa kwenye mfupa wa paja kwa uzito unaozidi uzito wa mtu mwenyewe. Hiyo ndiyo inamfanya mtu aseme "nilipanda vizuri, sijui kilichonipata kurudi". Tena maumivu ya paja hayaji siku hiyo, yanakuja kesho yake na keshokutwa, siku ambayo mtakuwa mnabeba mizigo kukimbilia treni.

Mazoezi yake mnayo nyumbani. Kama mnakaa ghorofani, kuanzia wiki sita kabla mama ashuke ngazi kwa makusudi, polepole, akishika ukuta, mara tatu nne kwa wiki, aanze na ghorofa moja. Wengi hufanya mazoezi ya kupanda na wakishuka wanakimbia, hapo umefanya nusu isiyohitajika. Halafu Jumamosi mbili mpeleke msitu wa Karura hapa Nairobi, atembee masaa mawili na viatu vile vile atakavyoenda navyo. Goti likivimba jioni, au likikwama, au likimtoka kama linataka kumwangusha, hiyo si ya mazoezi, apelekwe kwa fiziotherapisti amwone kwanza. Likiuma kidogo na kesho limepoa, ni sawa, endeleeni. Na fimbo, kitu cha bei rahisi kuliko vyote, inapunguzia goti mzigo kweli kweli. Msibebe kutoka Nairobi, mwenyeji wenu Wundanyi atawatafutia, lakini msikate mti msituni.

Sasa siku. Treni inayosimama vituo vya njiani, ile ya kaunti, inatoka Nairobi Terminus saa mbili asubuhi na kufika Voi mchana kwenye saa sita kwenda saa saba. Ya kurudi inatoka Mombasa pia saa mbili asubuhi, kwa hivyo Voi inapita kabla ya saa nne hivi. Unaona shida iko wapi? Ukienda siku mbili, siku ya kwanza inaisha ukifika Wundanyi jioni, na siku ya pili saa nne asubuhi unatakiwa uwe umeshuka Voi na umekaguliwa. Utakuwa umeenda kulala. Siku tatu usiku mbili: unafika, unatembea siku ya kati, unashuka. Lakini hapo asubuhi ya tatu mtoke Wundanyi giza, saa kumi na moja, na mama ana mapaja yanauma. Mimi ningefanya usiku tatu: mbili za Wundanyi na ya mwisho mlale Voi mjini, mkiamka mnaenda stesheni na tuktuk taratibu. Gharama ni chumba kimoja zaidi. Nakuambia hivi kwa sababu nimewahi kuachwa. Tulikuwa watu sita, tumetoka juu na muda wa kutosha tulivyodhani, tairi likapasuka kwenye kona za kuteremka Mwatate, spea haina upepo. Tulifika Voi treni inaonekana mkia. Tulirudi Nairobi usiku na basi la kupitia, viti vya nyuma, na mmoja wetu goti limevimba hawezi kulinyoosha. Tiketi haikurudishwa pesa na haikuwa kosa la reli.

Tiketi nunua mapema, Agosti zinaisha. Ni *639# unalipa na M-Pesa, unahitaji kitambulisho, na cha kijana beba cheti cha kuzaliwa manake wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu nauli na wanaweza kuuliza. Nairobi mpaka Mombasa ekonomi ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, Voi ni chini ya hapo. Kutoka Umoja usicheze na jam, uwe getini saa kumi na mbili na nusu hivi, kwa sababu mabegi yanapangwa chini mbwa wanayanusa, halafu mashine. Kisu cha kumenyea matunda na mtungi wa gesi wa kambi vinabaki hapo hapo. Menya maembe nyumbani.

Kutoka Voi, matatu inapita Mwatate halafu inaanza kupanda kona mpaka Wundanyi, karibu mita 1,400. Mama akae mbele, si kwa heshima peke yake, zile kona zinatapisha watu nyuma. Ngangao iko kaskazini ya Wundanyi kama kilomita kumi, hapo mtafute gari la kukodi la asubuhi liwapeleke na liwarudie kwa saa mliyokubaliana. Boda ni rahisi lakini mtu wa goti bovu kwenye boda na barabara ya matope, mimi simuweki. Kiingilio ni cha Huduma ya Misitu, KFS, na mchukue kijana wa pale awaongoze. Njia zenyewe si ngumu kuzipata, lakini ukungu ukishuka kila njia inafanana na nyingine, tena ni yeye atakayekuonyesha vitu ambavyo ungevipita.

Na kuna vya kuona, ingawa usitegemee msitu mkubwa. Ngangao ni hekta kama 120. Karura ni zaidi ya hekta 1,000. Umeelewa udogo wake? Mengine yalikatwa ikawa mashamba, mengine yakapandwa misonobari na mikaratusi, kati ya 1955 na 2004 karibu nusu ya msitu asili uliokuwa umebaki ulipotea. Lakini hicho kipande kidogo kina viumbe ambavyo haviko popote pengine duniani. Milima hii si volkano kama Mlima Kenya, mwambie kijana, ni miamba ya zamani sana, ndiyo mwisho wa kaskazini wa mnyororo unaoshuka Tanzania, Pare, Usambara, mpaka Udzungwa. Nyika ya chini ni kavu, kwa hivyo kila msitu wa juu ni kisiwa, ndege na vyura wake wamekaa peke yao mpaka wakawa wa aina yao. Tafuteni Turdus helleri, ndege mweusi kichwani, mdomo rangi ya chungwa, ubavuni hudhurungi, hapendi kuruka, anafukua majani chini kama kuku. Ukisikia majani yanachakura na huoni mtu, simama kimya dakika tano. Kijana wa miaka 11 atamuona kabla yako.

Suruali ndani ya soksi, jamani. Si nyoka, ni siafu. Mama akisimama kupumzika aangalie kwanza chini.

Kama siku hiyo mama ameamka goti limekataa, usimlazimishe na usiahirishe yote. Vuria ina barabara mpaka karibu na milingoti ya mawasiliano, gari linampandisha, anakaa anaangalia Tsavo yote chini huku nyinyi mnatembea. Au abaki Wundanyi sokoni, aulize kimanga, kile chakula cha Wataita, arudi ameshapata marafiki. Hiyo ya Vuria ni nzuri kiasi kwamba ningewapeleka hata kama goti liko sawa.

Malaria: huyo wa tatu hakukudanganya sana. Wundanyi kwenye baridi hatari ni ndogo, lakini Voi mtalala usiku mmoja na watu wa Nairobi hatuna kinga ya mwili ya mtu aliyekulia pwani. Neti, dawa ya kupaka, mikono mirefu jioni. Kuhusu vidonge vya kujikinga uliza kliniki ile ile mnayoenda ya presha, kwa sababu mama tayari ana dawa zake na nyingine hazipatani. Na mkisharudi, yeyote akipata homa ndani ya miezi mitatu, hata kama mnadhani ni mafua, apimwe malaria na amwambie daktari alikuwa Voi. Dalili huchukua wiki moja na zaidi kujitokeza, watu wanakuwa wameshasahau safari.

Mkiwa huko, mama akisikia kifua kinabana, pumzi inamshinda hata akiwa ameketi, maneno yanamponyoka au upande mmoja wa mwili unalegea, msingoje aone kama itapita na msimpe dozi ya pili ya presha. Hospitali ya Wesu iko hapo Wundanyi, na kubwa ya rufaa, Moi, iko Voi. Namba ya dereva aliyewapeleka iwe kwenye simu yako na ya kijana pia, network msituni inakuja na kuondoka, kwa hivyo mwambieni mtatoka saa ngapi, mkichelewa aje awatafute.

Halafu viti. Mkienda, mkae upande wa kulia, kuanzia Emali hivi Kilimanjaro inaonekana kama asubuhi haina mawingu, baadaye milima ya Chyulu, na baada ya Mtito Andei kijana aanze kutafuta ndovu, watakuwa wekundu kwa vumbi kama ukuta wa matofali. Kurudi itakuwa kushoto, lakini mchana ule mlima huwa umeshajifunika, kwa hivyo asilale asubuhi ya kwenda.